Kwa nini Bilbo hakuliua joka

SWALI: Mwalimu, juzi usiku nimemaliza kusoma The Hobbit ya J.R.R. Tolkien. Kitabu kizima nilikuwa nangoja siku Bilbo, yule hobbit, yaani mtu mdogo wa kimo, atakapopambana na joka Smaug. Ikaja kuwa joka limeuawa na mpiga mishale ambaye hata sikuwa nimemzoea, Bilbo mwenyewe hayupo. Kisha vita vikubwa vikaanza, naye akapigwa jiwe kichwani, akazirai, akazinduka mambo yamekwisha. Nilihisi nimedhulumiwa. Cha ajabu, nilipofunga kitabu nililia, na mpaka sasa sijui nilikuwa nalilia nini. Je, mwandishi alikosea, au ni mimi niliyesoma vibaya?

JIBU: Ndugu msomaji, hukusoma vibaya. Yote uliyoyaona yamo, na hasira yako naielewa vizuri sana. Mara ya kwanza nilikisoma kitabu hiki kwa nakala ya kuazima, iliyochakaa, na nilipofika pale jiwe linapomwangusha Bilbo na sura inakatika, nilirudi nyuma nikahesabu kurasa. Niliamini kabisa kuna karatasi zimechanwa. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa kitabu kutafuta mabaki yake. Hapakuwa na kilichopungua. Tangu hapo nimekifundisha miaka mingi, na swali lako hunirudia kila mara, tena mara nyingi linatoka kwa wale wanaosoma kwa makini kuliko wenzao.

Tolkien hakukosea. Alikunyima kwa makusudi kile ulichokuwa unakingoja, na uzito wa hadithi akauweka mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Nadhani moyo wako ulipaona mahali hapo, ndiyo maana ukalia, huku macho yako yakiwa bado kwenye joka.

Nianze na kazi yenyewe Bilbo aliyoajiriwa. Vibeti 13 wanafika nyumbani kwake wakiongozwa na Thorin. Wanakula, wanaimba habari za mlima wao ulioporwa na joka, na katika mazungumzo yao Gandalf, yule mzee mwenye fimbo, anasema waziwazi kwamba alitafuta shujaa akamkosa. Mashujaa wa kweli wako nchi za mbali wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na katika sehemu hizi hawapatikani. Ndiyo maana akaamua watumie mwizi. Kesho yake Bilbo anakuta barua ya Thorin chini ya saa ya mezani, imeandikwa kwa lugha ya wafanyabiashara: atalipwa fungu moja kati ya kumi na manne ya faida, kama faida itakuwepo. Neno kuua halimo. Anatoka mbio bila kofia, bila fimbo, bila pesa, hata leso ya mfukoni ameisahau.

Kwa hiyo tangu sura ya 1 tumeambiwa kwamba huu ni msafara uliomkosa shujaa. Sisi ndio tunaokataa kusikia. Masikio yetu yamezoea ngano za yule kitinda mimba anayemsaka Nunda mla watu mpaka anamuua, akarudi kwao kwa shangwe. Tukimwona mdogo aliyedharauliwa anatoka nyumbani, na mnyama mkali anamngoja mwisho wa njia, hesabu tunaifunga wenyewe kabla mwandishi hajafungua kinywa.

Sasa ipo hadithi nyingine nyuma ya hii, na ukiijua, mambo mengi yanafunguka. Tangu mwaka 1925 Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Utenzi alioupenda na kuufundisha kuliko mwingine ni Beowulf, wenye mistari 3,182. Sehemu yake ya mwisho inahusu joka linalolalia hazina kwa miaka 300. Siku moja mtu fulani anaingia kwa kunyata, anaiba kikombe, joka linaamka na kuichoma nchi kwa moto. Mfalme Beowulf, ambaye sasa ni mzee, anakwenda kulikabili. Anachukua wenzake 11, na wa kumi na tatu katika msafara ni yule mwizi, anayeburutwa kwenda kuonyesha njia, kwa sababu ni yeye peke yake anayeijua. Vita vinapopamba moto wenzake wanakimbilia msituni isipokuwa kijana mmoja, Wiglaf. Joka linakufa. Mfalme naye anakufa, na watu wake wanabaki wakilia, wakijua kwamba maadui watakuja.

Huyo mwizi hana jina. Utenzi unamgusa kwa mistari michache, tena sehemu inayomhusu imeharibika katika muswada pekee uliosalia. Anaiba kikombe, anatetemeka, anaonyesha njia, anatoweka. Utukufu wote ni wa mfalme.

Turudi sasa kwa Bilbo. Anaingia mlimani kwa kunyata na kitu cha kwanza anachoiba ni kikombe. Joka linaamka kwa hasira. Wenzake ni 13, naye amechukuliwa ili wasiwe na idadi ya nuksi. Tolkien aliulizwa habari hii katika gazeti la Observer, akajibu mwaka 1938 kwamba Beowulf ni miongoni mwa vyanzo alivyovithamini sana, ingawa alipokuwa akiandika hakuwa ameuweka mbele ya akili yake, na kwamba wizi ule ulijitokeza wenyewe kutokana na hali ya mambo. Namwamini. Mtu aliyeishi na utenzi kwa miaka mingi hahitaji kuufungua ili umtoke mkononi. Ila tazama kilichotokea: yule mwizi asiye na jina, aliyeburutwa akitetemeka, amepewa jina, nyumba, birika la chai, na kitabu kizima. Mfalme mwenye upanga amesogezwa pembeni. Ukiuliza kwa nini Bilbo hakuliua joka, jibu langu la kwanza ni hilo. Yeye ndiye yule wa kumi na tatu wa Beowulf, na hii ni hadithi yake.

Bard, yule mpiga mishale aliyekuudhi kwa kutokea ghafla katika sura ya 14, ndiye shujaa wa zile hadithi nyingine. Ana ukoo wa kifalme, ana mshale mweusi aliorithi kwa wazee wake, ana uso wa huzuni. Katika kitabu kingine chochote yeye ndiye angekuwa kwenye jalada. Tolkien anampa kurasa chache na kumwacha apite.

Lakini hata mshale huo Bard asingejua aupeleke wapi. Tumbo la Smaug limefunikwa vito na dhahabu vilivyogandamana kwa kulaliwa, isipokuwa pengo moja kwenye kifua upande wa kushoto. Aliyeliona pengo hilo ni Bilbo, akiwa amesimama mbele ya joka, akilisifia ili ligeuke lijionyeshe. Akawasimulia vibeti, ndege mzee akasikia, na ndege ndiye aliyempelekea Bard habari. Kabla ya hapo, vibeti walipokuwa wamekata tamaa mbele ya ukuta wa mlima usio na mlango, ni Bilbo aliyemwona ndege huyohuyo akigonga konokono kwenye jiwe, akakumbuka yaliyoandikwa kwenye ramani. Na katika vita, sekunde chache kabla ya lile jiwe kumwangukia, nani alikuwa wa kwanza kuwaona tai wakija kutoka machweo? Ni yeye. Nenda ukahakikishe. Kazi ya Bilbo katika kitabu chote ni kuona. Wengine wana mabavu, yeye ana macho, na wenye mabavu hawashukuru, kwa kuwa aonaye haonekani. Pete aliyoipata safarini, inayomfanya mvaaji asionekane, imemficha.

Nije sasa kwenye pambano ulilolingoja. Lipo. Liko katika sura ya 12, na wengi hulipita kwa haraka kwa sababu hakuna anayepigwa.

Mlango wa siri umefunguka. Vibeti wanatazamana. Balin peke yake anamsindikiza hatua chache, kisha anabaki. Bilbo anashuka peke yake gizani, kwenye handaki lililochongwa likanyooka. Mbele kuna mwanga mwekundu unaozidi kukolea. Joto linapanda, mvuke unampitia, anatoka jasho. Halafu anasikia sauti, na Tolkien anaieleza kwa vitu vya nyumbani kabisa, kama chungu kikubwa kinachotokota jikoni kikichanganyika na mkoromo wa paka mkubwa kupita kiasi. Ni joka limelala. Hapo Bilbo anasimama.

Mwandishi naye anasimama. Anatuambia kwamba kuondoka pale na kuendelea mbele ndilo jambo la ushujaa kuliko yote Bilbo aliyowahi kufanya, na kwamba yote makubwa yaliyofuata si kitu yakilinganishwa nalo. Vita vya kweli alipigana humo ndani, peke yake, kabla hajaiona ile hatari iliyokuwa inamngoja. Soma tena ukurasa huo. Sijui mwandishi angesema waziwazi zaidi ya hapo. Ulikuwa unangoja vita, navyo vikapita mbele yako bila kishindo.

Katika lugha yetu neno handaki linabeba mambo mawili, njia ya chini kwa chini na shimo la askari vitani. Kwa Tolkien mambo hayo mawili hayakuwa mbali. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa ofisa wa mawasiliano katika kikosi cha Lancashire Fusiliers kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, mpaka homa ya mahandaki ilipomrudisha Uingereza mwezi Novemba. Baadaye aliandika kwamba kufikia mwaka 1918 rafiki zake wote wa karibu, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekufa. Alikataa kata kata watu kusoma hadithi zake kama mafumbo ya vita fulani, nami namheshimu katika hilo, kwa hiyo sisemi Smaug ni nani wala Somme iko ukurasa gani. Nasema tu kwamba aliyeandika habari za kusimama kwenye giza la handaki, ukijua kuna kifo mwishoni, kisha mguu ukanyanyuka, hakuwa anabahatisha. Na aliyeandika vita kwa namna ya mtu aliyeangushwa mapema akaja kuamka kwenye ukimya, baridi, na maiti, alijua kwamba kwa wengi waliokuwepo vita ndivyo vilivyo. Hakuna anayeviona vyote. Wengi husimuliwa baadaye.

Sasa sura ya 16, ambayo kwangu ndiyo kilele cha kitabu. Joka limekwisha kufa. Mji wa ziwani umeteketea na watu wake wanakabiliwa na baridi bila makazi. Bard anadai sehemu ya hazina kwa ajili yao, na mfalme wa elfi, wale watu wa ajabu wa msituni, amesimama upande wake na jeshi. Thorin amejifungia ndani ya mlima, amejenga ukuta langoni, na hataki kutoa hata sarafu. Kuna kito kimoja, Arkenstone, anachokitaka kuliko mto wa dhahabu, na ameapa kumlipizia kisasi atakayekikuta na kukificha. Kito hicho kimo kwenye bunda la nguo analolilalia Bilbo kama mto. Alikiokota siku nyingi, akanyamaza.

Usiku huo zamu ya ulinzi ni ya Bombur, yule kibeti mnene. Bilbo anamwambia akalale, atamshikia zamu. Anavaa pete, anafunga kamba, anateremka ukutani. Anavuka kijito, anateleza kwenye jiwe, anaanguka majini, elfi wanamkamata ameloa chapachapa. Anaketi mbele ya Bard na mfalme, amejifunika blanketi, na kutoka kwenye mfuko wa koti lake la zamani anatoa ile barua ya Thorin, ile iliyowekwa chini ya saa ya mezani, imekunjamana na kuchakaa. Ameibeba safari nzima, milimani, msituni, kwenye mapipa mtoni. Anaeleza kwamba yuko tayari kuyapima madai yao kabla ya kudai fungu lake mwenyewe. Kisha anatoa kito na kuwapa, wakitumie kupatana na Thorin. Ndilo fungu lake, moja kati ya kumi na manne, na analitoa ili watu wasiuane.

Mfalme anamsihi abaki kwao, kwa usalama wake. Bilbo anakataa. Bombur anategemea kuamshwa saa sita usiku, naye ameahidi.

Kila nikifika hapo husimama. Amekwenda kwa adui, amekabidhi kitu ambacho rafiki yake anakithamini kuliko uhai, anajua atakachofanyiwa kikijulikana, halafu anarudi, kwa sababu kuna mtu anapaswa kuamshwa zamu. Na kito kilipoonyeshwa na Thorin akauliza kimewafikiaje, ni Bilbo mwenyewe aliyesema ni mimi niliyewapa. Thorin akamnyanyua akitaka kumtupa miambani, mpaka sauti ya Gandalf ikamzuia.

Kumbuka pia, na hili ndilo lililoniumiza nilipokuwa mtu mzima, kwamba jaribio lake halikufaulu. Magoblini, viumbe wakatili wa milimani, wakaja pamoja na mbwa mwitu, vita vikapiganwa, Thorin akajeruhiwa vibaya, wapwa zake Fili na Kili wakafa wakimkinga. Bilbo hakuzuia chochote. Mwenyewe anajilaumu baadaye kwamba shughuli ya kito aliivuruga na vita vikatokea pamoja na juhudi zake zote.

Je, kwa sababu halikufaulu, lilikuwa kosa? Tarehe 25 Novemba 1936, miezi 10 kabla ya The Hobbit kutoka tarehe 21 Septemba 1937, Tolkien alitoa mhadhara juu ya Beowulf mbele ya British Academy. Humo alishikilia wazo la ushairi wa kale wa kaskazini kwamba kushindwa hakumfanyi mtu kuwa amekosea. Walio upande wa haki wanaweza kuwa upande utakaoshindwa, na upande huo ukabaki kuwa wa haki vilevile. Alipokuwa anasema hayo mbele ya wasomi, hadithi ya Bilbo ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mchapishaji. Nami ninapoziweka kazi hizo mbili pamoja, naona wazo lilelile limevishwa nguo za mtu mdogo aliyeloa maji, mwenye barua iliyokunjamana mkononi.

Hapo ndipo ninapokisia ulikolilia. Thorin yuko kitandani anakufa, anamwita Bilbo, anayafuta maneno aliyomtukana langoni. Anasema anakwenda mahali ambapo dhahabu haina thamani na angependa waagane kwa wema. Bilbo anatoka nje, anajitenga, anajifunika blanketi, analia mpaka macho yanakuwa mekundu na sauti inakauka. Haliliwi hivyo joka. Bilbo hafurahii ushindi hata dakika moja, na wewe uliyesafiri naye usingeweza kufurahi mwenzako analia.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, lakini linahusiana. Lile pango la sura ya 5, Bilbo na Gollum, kiumbe anayeishi peke yake chini ya mlima, wakitegana vitendawili gizani. Nakipenda sana kipande hicho, labda kwa sababu kimoja cha vitendawili vyao sisi tunacho tangu utotoni. Bilbo anauliza juu ya kisanduku kisicho na pa kufungulia, chenye dhahabu ndani. Nyumba yangu haina mlango. Yai! Ulimwengu mzima umeliangalia yai ukashangaa namna moja.

Ila kurasa ulizosoma wewe sizo walizosoma watu wa mwaka 1937. Katika toleo la kwanza Gollum alikuwa ameahidi pete kama zawadi endapo angeshindwa, na alipoikosa aliomba radhi kwa dhati, akamwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Wakaagana salama. Baadaye, Tolkien alipokuwa akiandika The Lord of the Rings, pete ikawa kitu kizito mno kisichoweza kutolewa kama zawadi. Akaiandika upya sehemu hiyo, akawapelekea wachapishaji mwaka 1947 kama mfano tu, nao wakaitumia katika toleo la 1951, jambo lililomshangaza mwenyewe. Ndipo tukapata lile tukio la sasa. Gollum ameziba njia, Bilbo haonekani, upanga uko mkononi, na anaweza kuua. Anamtazama, anaona kwa mara moja maisha ya kiumbe huyo, siku zisizo na hesabu, mawe na ubaridi, bila mwanga wala tumaini. Huruma inamshika pamoja na hofu. Anaruka juu yake na kukimbia.

Kwa hiyo kitabu kilipopata nafasi ya kurekebishwa baada ya miaka 14, mwandishi hakumwongezea Bilbo mauaji. Alimpa nafasi ya kuua na sababu nzuri ya kufanya hivyo, kisha akamfanya ashushe upanga. Kama angefikiri amekosea kumnyima joka, huo ndio ungekuwa wakati wa kusahihisha.

Kuhusu huzuni ya kufunga kitabu sina mengi. Ni ya kila msomaji anayependa, na haina dawa. Lakini sura ya 19 inaifahamu huzuni hiyo vizuri. Bilbo anarudi tarehe 22 Juni, anakuta umati mlangoni kwake na mnada unaendelea. Imeshaaminiwa kwamba amekufa. Inambidi anunue upya sehemu kubwa ya samani zake mwenyewe, na vijiko vingi vya fedha havionekani tena. Majirani hawamwulizi aliyoyaona. Heshima yake mtaani imekwisha, na hajali. Birika lake, anatuambia mwandishi, sasa linaimba vizuri kuliko zamani. Birika ni lilelile, sikio ndilo lililobadilika. Nafikiri nawe umerudi nyumbani kwako hivyohivyo juzi usiku. Umekuta kila kitu mahali pake, na hukuwa na wa kumweleza ulikotoka.

Ukitaka kuendelea na The Lord of the Rings, ambayo ilitoka kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, endelea, ila jua kwamba sauti imebadilika. Ni nzito, inakwenda polepole, na yule msimulizi anayekukonyeza kama babu kando ya moto hayupo tena. Mwaka 1960 Tolkien alijaribu hata kuiandika The Hobbit upya kwa sauti hiyo nzito, akafika mwanzoni mwa safari, akaacha. Nafurahi aliacha.

Lakini usianze leo. Rudi kwanza sura ya 16, soma mpaka mwisho, pale Bilbo anapopanda kamba kurudi ukutani usiku. Anamwamsha Bombur kwa wakati aliouahidi, anajikunja kwenye kona yake, na anaota nyama na mayai.